Aliyelala Langoni Petu

Mazungumzo ya redioni. Somo: Luka 16:19-21

Popote mtusikiapo asubuhi hii, ikiwa mko jikoni mkingoja chai ichemke, au mko njiani kwenda kazini, au mmelala kitandani kwa ajili ya ugonjwa, twawakaribisha mkae nasi kwa dakika chache tulitafakari Neno la Mungu.

Somo letu ni mfano mnaoufahamu. Bwana Yesu alisimulia habari za tajiri mmoja aliyevaa nguo za thamani na kula karamu kila siku. Langoni pake alilazwa maskini, jina lake Lazaro, mwenye vidonda vingi, naye alitamani hata makombo ya meza ya tajiri. Mbwa walikuja wakamlamba vidonda vyake.

Tusomapo mfano huu, kwa kawaida twaharakisha kufika kwenye ile miali ya moto na kwenye kifua cha Ibrahimu. Leo hatutaki kufika huko upesi. Twataka tusimame kwanza pale langoni. Pale pana tajiri anayepita, pana maskini aliyelala, na pana mbwa. Je, ni nani aliyemsogelea Lazaro? Ni mbwa. Na kosa la yule tajiri ni lipi? Hatusomi kwamba alimpiga Lazaro, wala hatusomi kwamba aliwaamuru watumishi wake wamfukuze. Alipita tu. Kila siku alitoka na kuingia kwa lango lile, asimtazame aliyelala pale.

Jambo hili tulifundishwa katika chuo cha theolojia, tukaliandika daftarini, na tulipoulizwa katika mtihani tukalijibu vizuri. Lakini kulielewa tulilielewa miaka mingi baadaye, katika uwanja wa kanisa moja huko Ruiru, na aliyetufundisha alikuwa binti mwenye kamera. Twataka kuwasimulia habari hiyo kama ilivyokuwa, hata pale inapotuaibisha sisi wenyewe.

Ninyi mnaoifahamu Ruiru mwajua jinsi mji ule ulivyokua. Zamani mtu akisafiri kutoka Nairobi kwenda Thika alipita katikati ya mashamba ya kahawa. Hata leo utafiti wa kahawa hufanywa Ruiru, na ile aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 iliitwa Ruiru 11. Lakini mashamba mengi yamekatwa viwanja. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, watu walizidi kumiminika, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Ruiru ilikutwa na watu zaidi ya 370,000, ikaupita hata mji wa Thika.

Basi, mahali watu wanapojenga, mbwa huletwa. Mwenye kiwanja hutafuta mbwa wa kulinda saruji na mbao. Jengo likimalizika na vyumba vikapangishwa, mara nyingi mpangaji huambiwa asifuge mbwa. Mlinzi wa mjengo huenda kutafuta kazi kwingine, na mbwa hubaki. Hakukosa neno lo lote. Kazi yake imekwisha tu. Naye huzungukazunguka karibu na bucha na mahoteli, akitafuta mifupa, na usiku hutafuta pa kulala. Wengine walipapata nyuma ya ukumbi wa kanisa letu.

Jumapili moja, mtoto wa miaka sita wa shule ya Jumapili aliumwa na mbwa nyuma ya ukumbi huo. Aliumwa mkononi. Mama yake hakupoteza wakati. Aliuosha mkono kwa sabuni na maji ya bomba kwa muda mrefu, akampeleka mtoto hospitali siku ile ile, na mtoto akadungwa sindano zote za chanjo mpaka akazimaliza. Twamshukuru Mungu kwamba yu mzima.

Wasikilizaji, jambo hili si la mzaha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake ndani ya mtu, hakuna dawa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya tangu mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na miongoni mwa wanaokufa watoto ni wengi. Kwa hiyo hatuwalaumu hata kidogo wazazi waliotujia kwa hasira na kwa hofu. Walikuwa na haki ya kuogopa.

Baraza la parokia likakutana Jumanne jioni. Maneno yalikuwa mengi. Mwishowe mzee mmoja akasema ya kwamba anajua pa kupata sumu, na nyama kidogo ya bucha ingetosha kuimaliza kazi. Ikaulizwa ni nani anayeunga mkono. Mikono ikainuliwa. Na mkono wetu, sisi tuliokuwa tumekalia kiti cha mwenyekiti, uliinuliwa pamoja na mingine. Nchi yetu inayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza sheria hiyo yasemaje. Wala hakuna aliyeuliza ni mbwa yupi aliyeuma, wala kwa nini aliuma. Tulisema "wale mbwa," nasi tukaridhika na neno hilo.

Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya, alitujia nyumbani binti mmoja mwanakwaya. Kazi yake ni kupiga picha. Ana chumba kidogo mjini Thika anapopiga picha za pasipoti, na siku za harusi huzunguka na maharusi. Tulijua kazi yake hiyo. Tusilolijua ni kwamba Jumamosi moja ya kila mwezi, akiwa hana harusi, alipanda matatu mpaka Nairobi, kisha nyingine mpaka upande wa Karen, kwenda kuwapiga picha mbwa na paka waliotupwa, ili watu wazione picha hizo na kuja kuwachukua. Hakulipwa kitu. Nauli ilikuwa yake mwenyewe.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akasema, "Mchungaji, nisamehe. Nimesikia mmeamua juu ya mbwa."

Tukamjibu, "Ndivyo, binti yetu. Ni kwa ajili ya usalama wa watoto."

"Naomba kuuliza, wako wangapi?"

Tukafikiri kidogo. Tukasema wako kumi, au pengine zaidi.

"Wako saba," akasema. "Na Simba wa mzee wa langoni ni wa nane. Yeye si wa kutupwa, lakini usiku huzunguka nao uwanjani. Nipeni Jumamosi tatu, Mchungaji. Nitawapiga picha mmoja mmoja, niwatafutie watu, na daktari wa mifugo aje awaone."

Tulimjibu ya kuwa tutalipeleka ombi lake barazani Jumanne inayofuata. Lilikuwa jibu la adabu, lenye kufuata utaratibu. Lakini hatukumpigia simu yule mzee aliyepewa kazi ya sumu ili kumwambia angoje. Tulidhani hatafanya haraka. Naye akafanya haraka. Ijumaa usiku nyama iliwekwa.

Jumamosi asubuhi mbwa watatu walikutwa wamekufa. Wawili walikuwa wa nyuma ya ukumbi. Wa tatu alikuwa Simba.

Mzee wa langoni ni mlinzi wa kanisa lile. Ujanani mwake alichuma kahawa katika shamba lililokuwa karibu pale, na shamba lilipokatwa viwanja alipata kazi ya kulinda usiku. Tulipofika alikuwa amekwisha kuchimba kaburi karibu na ua, na jembe alikuwa ameliegemeza ukutani. Tukamsogelea. Tukamwambia, "Baba, tumekukosea. Tulionywa ya kwamba mbwa wako yumo, nasi hatukuzuia. Tunaomba msamaha."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mchungaji, mbwa yule hakula kitu cha mgeni. Nilimfundisha hivyo, ili wezi wasimpe sumu. Ile nyama aliila kwa sababu aliujua mkono."

Ndugu zetu, tumehubiri mara nyingi juu ya usaliti wa Yuda. Siku ile hatukuwa na la kuhubiri. Mzee hakututukana, wala hakuacha kazi. Aliuliza jambo moja tu, kama yule binti wa picha aliwahi kumpiga Simba picha, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa nayo hata moja.

Jumanne baraza lilipokutana, tulilisimulia jambo hili lote, tukakiri kosa letu, na yule mzee aliyeiweka nyama alilia mbele ya watu. Yeye naye alitii tu mkono wetu ulioinuliwa. Binti akapewa Jumamosi zake tatu. Nasi tukasema tutakwenda naye, tumbebee mkoba.

Twataka mjue jinsi kazi ile inavyofanyika, maana sisi tulidhani ni kuelekeza kamera na kubonyeza. Kwanza hakuitoa kamera hata kidogo. Alikaa chini kwenye nyasi, ubavu wake umeelekea mbwa, asiwakazie macho, kwa sababu mbwa mwenye hofu akikaziwa macho huona anatishwa. Alikaa hivyo muda wa saa nzima. Sisi tulianza kutazama saa. Yeye hakutazama saa. Mmoja akasogea, akanusa kiatu chake, akarudi nyuma. Akasogea tena. Hapo ndipo kamera ilipotoka mkobani, polepole, ili kwanza mbwa aizoee sauti yake.

Hakutumia mwanga wa kamera, maana huwatisha mbwa na kuyafanya macho yao yang'ae vibaya. Alitaka kivuli cha asubuhi. Palikuwa na mbwa mweusi, naye akatueleza ya kwamba mbwa weusi ni vigumu kuwapiga picha, kwa kuwa katika picha mbaya huonekana kama bonge la giza, hata macho hayaonekani, na mtu akipitisha macho hawaoni. Basi tukashika kitambaa cheupe cha meza, tukakiinamisha mpaka nuru ikarudi juu ya uso wa mbwa. Na yeye mwenyewe hakusimama. Alipiga magoti, na mara nyingine alilala kifudifudi matopeni, ili kamera ilingane na macho ya mnyama. Alisema, "Ukimpiga picha kutoka juu, anaonekana mtu anayeomba. Ukishuka, anaonekana yeye mwenyewe."

Tena hakuficha kitu. Mmoja alikuwa na sikio lililokatika nusu. Tulimshauri ampige upande ule mwingine. Akakataa. Alisema mtu akija kwa picha ya uongo, ataliona sikio na kurudi nyumbani bila mbwa, na mbwa ataachwa mara ya pili. Chini ya kila picha aliandika maneno machache ya kweli: huyu ni mpole kwa watoto, huyu hapatani na paka, huyu anaogopa fagio, huenda alipigwa nalo.

Jumamosi ile ya kwanza, alipolala kifudifudi nyuma ya ukumbi, alituita kwa sauti ndogo. Chini ya sakafu ya mbao, mahali palipobomoka, palikuwa na vitoto vinne vya mbwa, vingali vidogo. Mama yao alisimama mbele ya tundu akitetemeka. Ndiye aliyemwuma mtoto. Mtoto aliona vitoto, akaingiza mkono. Sisi sote, wazee na mchungaji, tulipita nyuma ya ukumbi ule kila Jumapili, wala hapana hata mmoja aliyeinama.

Zilikuwa zimepita siku kumi na tatu tangu mtoto aumwe. Daktari wa mifugo alipokuja alimchunguza mbwa yule, akatueleza kwamba kama angalikuwa na kichaa wakati alipouma, kwa muda huo angalikuwa amekwisha kufa. Mbwa alikuwa mzima. Kama tungalimwua bila kuuliza, hatungalijua.

Pengine mwangoja tuseme kwamba wote walipata nyumba nzuri. Haikuwa hivyo. Watano walikuwa wamebaki. Yule mweusi, picha yake ilipobandikwa ubaoni pa kanisa na kupelekwa kwa simu huku na huku, alichukuliwa na jamaa moja ya Makongeni, Thika. Mwenye nusu ya sikio alichukuliwa na mjane wa Kimbo. Mama wa vitoto alipokelewa katika makao ya wanyama, akakaa huko miezi mingi kabla ya kupata mtu, na vitoto vyake viligawiwa jamaa za kanisa baada ya kuacha kunyonya na kuchanjwa. Mmoja alikuwa mzee na mgonjwa, daktari akamlaza usingizi wa mwisho. Na mmoja hakukubali mkono wa mtu ye yote. Alitegwa, akachanjwa, akahasiwa, akaachiliwa, na mara ya mwisho tulipomwona alikuwa karibu na soko, mkia chini.

Labda msikilizaji mmoja asema moyoni mwake, "Mchungaji, watu wana njaa. Vijana hawana kazi. Kanisa lina kazi gani na mbwa?" Swali hili ni la haki, nasi tuliulizwa hata barazani. Twalijibu kwa habari ya kweli ya kanisa letu.

Tarehe 16 Juni 1824, watu wachache walikutana katika mkahawa mmoja mjini London, wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Katibu wa kwanza alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, jina lake Arthur Broome. Aliacha kazi yake ya kanisani ili aifanye kazi ile, na mwaka 1826 alitiwa gerezani kwa ajili ya madeni ya chama. Kasisi wa madhehebu yetu alilala gerezani kwa sababu ya punda na ng'ombe na mbwa. Na miongoni mwa walioshirikiana naye alikuwa William Wilberforce, yule aliyepigana bungeni kwa miaka mingi mpaka biashara ya watumwa ikakatazwa mwaka 1807. Je, Wilberforce aliwasahau watumwa kwa sababu aliwahurumia wanyama? Sivyo. Jicho lililomwona mtumwa katika merikebu ndilo lililomwona punda chini ya mjeledi.

Sisi Waanglikana wa Afrika Mashariki tu watoto wa huruma hiyo. Mwaka 1875 Wamisionari wa CMS walianzisha kijiji cha Freretown karibu na Mombasa, wapate kukaa huko waliofunguliwa kutoka katika utumwa. Na katika nchi hii kazi ya kuwatunza wanyama ilianza mwaka 1910, na hata leo chama kiitwacho KSPCA kinayo makao yake Karen. Huruma si kibaba cha unga, kwamba ukimpimia mmoja mwingine atakosa. Yafanana zaidi na jicho. Jicho likifumbuliwa, laona vyote vilivyo mbele yake. Na likifumbwa kwa mmoja, limefumbwa kwa wote.

Na Maandiko yashuhudia vivyo hivyo. Katika Mithali 12:10 twafundishwa kwamba mtu wa haki hujali uhai wa mnyama wake. Katika Kutoka 23:5 Mwisraeli anaamriwa amsaidie punda aliyelala chini ya mzigo, hata kama ni punda wa adui. Katika aya ya mwisho ya kitabu cha Yona, Mungu anapoeleza kwa nini auhurumie Ninawi, anawataja watu wake, kisha anawataja na wanyama wengi waliomo. Na katika Luka 12:6 Bwana wetu afundisha ya kwamba shomoro, ambaye sokoni bei yake ni ndogo mno, hasahauliwi mbele za Mungu hata mmoja. Angalieni neno hilo: hata mmoja. Sisi twahesabu makundi. Twasema "wale mbwa," "wale wapangaji," "wale vijana wa steji," "wale wa matatu." Mungu hutazama mmoja mmoja.

Sasa turudi langoni. Mwakumbuka mzee aliuliza juu ya picha ya Simba. Binti alitafuta katika picha zake zote, na akapata moja. Aliipiga siku ya harusi, akijaribu kamera kabla maharusi hawajafika. Simba amelala mbele ya kibanda cha mlinzi, kidevu chake kimelazwa juu ya kiatu cha mzee. Mzee mwenyewe haonekani, ni miguu yake tu. Binti akaichapisha kwa ukubwa, nasi tukaipeleka.

Tulikaa naye kibandani jioni ile, na ndiyo mara ya kwanza tulipokaa humo. Tulikuwa tumehudumu katika parokia ile miaka mitatu. Kila usiku wa kesha, na kila alfajiri ya Pasaka, mzee yule alitufungulia lango, nasi tukampungia mkono ndani ya gari, tukapita. Jioni ile ndipo tulipojua ya kwamba mkewe alifariki, na kwamba mtoto wake mmoja hajamwona kwa miaka mingi. Ndipo tulipojua kwamba usiku wa baridi ya Julai mbwa yule hulala juu ya miguu yake, na kwamba mara mbili aliwafukuza wezi waliokuja kuiba betri za vipaza sauti vya kanisa. Tulikuwa tumehubiri juu ya Lazaro mahali pale, kwa vipaza sauti vile vile, na Lazaro alikuwa nje akitufungulia lango.

Tulimwambia ya kwamba kimoja cha vile vitoto ni chake akipenda. Akakitazama, akakipapasa kichwa, akasema, "Bado, Mchungaji." Hatukumshurutisha. Kitoto hakiwezi kulipa deni letu, na mzee alilijua hilo kuliko sisi.

Ndugu msikilizaji, twakuomba mambo matatu leo, nayo ni mepesi kuyasikia.

La kwanza, kama unafuga mbwa, mchanje kila mwaka, mpe maji na kivuli, na ukihama usimwache nyuma kama gunia tupu. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile. Nchi yetu imeweka shabaha ya kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na njia yake ni chanjo, mbwa saba katika kila kumi. Sumu haiwezi kuifanya kazi hiyo, maana hao wakifa, wengine wasiochanjwa huja kukaa mahali pao.

La pili, kama unao ujuzi wo wote, hata ukiwa wa kupiga picha tu, usiseme haufai katika kazi ya Mungu. Binti yule hakuwa mhubiri. Lakini alijua kukaa kimya, kushuka chini, kungoja nuru, na kusema kweli juu ya asiyeweza kujisemea. Wengi wetu tuliosomea uchungaji tungali twajifunza hayo.

La tatu, leo jioni ukirudi nyumbani, tazama nani yuko langoni. Pengine ni mlinzi. Pengine ni msichana anayekupikia, ambaye hujawahi kumwuliza jina la mama yake. Pengine ni jirani wa chumba cha pili, au mzazi wako mwenyewe aliyeketi pembeni. Usianze kwa kumpa kitu. Anza kwa kusimama. Mtazame mpaka umwone, mmoja, kwa jina lake.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyemwona Hajiri jangwani alipokuwa hana wa kumtazama, utusamehe sisi tuliopita langoni tusione. Utusamehe kwa ajili ya mikono tuliyoinua bila kuuliza, na kwa ajili ya simu tusizopiga kwa wakati. Uwatunze wote walindao usiku. Uwahurumie wanyama uliowaumba, wasio na kosa juu ya yale tuwatendayo. Wabariki wote wanaowahudumia bila malipo, na utufumbue macho, tumwone kila mmoja kama wewe umwonavyo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana ikae nanyi nyote, mpaka tukutane tena katika kipindi hiki. Kwaherini.